Bwana Afya na Mashimo Yangu Sita

Kwa miaka yote niliyomfahamu, yule mzee hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwa mtu. Alikuwa anaingia tu uani, mikono nyuma, macho chini, kama mtu aliyeangusha kitu. Anafunua mtungi wa maji, anachungulia, anaufunika. Anakwenda chooni, anausukuma mlango kwa fimbo, anasimama pale akinusa. Akishamaliza ndipo anakuja mbele ya nyumba kukusalimu, na salamu yake ni swali: "Maji ya kunawa yako wapi?"

Kitongojini kwetu, nje kidogo ya mji wa Kasulu, tulimwita Bwana Afya. Ndiyo iliyokuwa kazi yake serikalini, kukagua vyoo, visima na mabucha, na wakati namfahamu alikuwa ameshastaafu. Lakini kustaafu hakukumwingia akilini. Nadhani barua ya kustaafu aliisoma kama barua ya kupandishwa cheo: zamani alikuwa na mipaka ya kata, sasa alikuwa na dunia nzima. Sikumpenda. Nasema mapema ili anayesoma asije akadhani nitabadilika mbele ya safari.

Mimi ni fundi. Siku hizi najenga, lakini miaka ile nilikuwa nafyatua matofali bondeni, chini ya barabara iendayo Kibondo. Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana. Uraia tumeupata, shamba la maana hatukulipata, kwa hiyo bonde lile ndilo lililokuwa shamba langu. Unachimba udongo, unaukanyaga kwa maji, unaujaza kwenye kalibu, unaanika, unachoma. Ukichimba misimu mitatu unabaki na mashimo. Yangu yalikuwa sita, mapana kama vyumba vya kulala, na mvua zikianza mwezi wa kumi yanajaa maji mpaka mwezi wa tano. Maji hayo hayo ndiyo niliyokanyagia udongo. Na ndani yake, juani, viluwiluwi wa mbu walikuwa wengi kama ulezi uliomwagika.

Hapo ndipo tulipokutana. Bwana Afya alishuka bondeni siku moja akiwa na kikombe cheupe cha bati alichokifunga kwenye fimbo ndefu. Akachota maji shimoni, akakiinamia kikombe, midomo ikitembea. Alikuwa anahesabu. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa kwenye tope mpaka magotini, akasema, "Kumbe wewe ni mfugaji."

"Nafyatua matofali, mzee."

"Matofali sijayaona. Nimeona mifugo."

Kuanzia siku hiyo akinikuta popote, sokoni, kanisani, hata msibani, aliuliza, "Mfugaji, mifugo haijambo?" Watu wakacheka, jina likanikaa. Mpaka leo wapo wanaoniita Mfugaji, na baadhi yao wanadhani niliwahi kuwa na ng'ombe.

Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, na hakukilegeza kwa ajili ya mtu yeyote. Kiha alikijua vizuri kuliko mimi, maana sisi nyumbani tunasema Kirundi, lakini aliona ni aibu kukitumia kazini, ijapokuwa kazi yenyewe hakuwa nayo tena. Kwenye mkutano wa kitongoji alisimama akasema, "Wananchi, tuangamize mazalia." Hakueleza mazalia ni nini. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwa Kiha, akitaka kujua kama serikali imekataza watu kuzaa. Nikamwambia hapana, ni maji yaliyotuama, mahali imibu inapotaga. Bibi akanyoosha mkono, akamwuliza Bwana Afya kuhusu mtaro uliopita nyuma ya nyumba yake. Aliuliza kwa Kiha, kwa adabu, amepiga goti. Bwana Afya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia sentensi ile ile ya Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi.

Alikuwa na misemo miwili aliyoipenda. Wa kwanza ni "Mbu hazaliwi angani," na huo sina neno nao. Wa pili ni "Mgonjwa ni mtu aliyechelewa kunisikiliza." Huo aliusema hata mahali pa kilio. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanamume aliyekuwa ametoka kumzika mkewe, na mwanamume yule, kwa uchovu, akamkubalia tu, "Ego, mzee."

Mkono hakukupa. Alikunyooshea kiwiko, ukishike kama mpini. Maji ya nyumbani kwa mtu hakuyanywa, na chakula alikula cha moto tena kwa kijiko chake mwenyewe, alichokibeba kwenye mfuko wa shati kimefungwa kwa kitambaa. Lakini Jumapili mchana ungemkuta kilabuni amezunguka chungu cha pombe ya mtama na wazee sita, mrija mmoja unapita mdomo kwa mdomo. Nilimwuliza siku moja inakuwaje. Akafuta ndevu akasema, "Pombe inajitibu." Na choo chake, yeye aliyetuandika majina kwa sababu ya vyoo, kilikuwa na gunia mahali pa mlango, na tundu lake halikuwa na mfuniko. Najua kwa sababu aliniita kuziba ukuta uliobomoka. Nilipouliza habari za mfuniko alisema bado anatafakari aina inayofaa.

Kuna mambo mengine itanibidi niyaseme, na nayasema kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa yananifurahisha. Hongo hakula. Mwenye bucha mmoja alimpelekea jogoo ili anyamaze kuhusu nzi. Bwana Afya alimbeba yule jogoo miguu juu kupita katikati ya soko mpaka buchani, akamrudisha mbele ya wateja. Na masika moja, mji ulipokumbwa na kuhara, sisi kitongojini hatukuzika mtu. Huenda ni kwa sababu ya yale maji ya kunawa. Lakini alivyolisema jambo hilo, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, ungetamani walau uwe umehara kidogo ili umnyime.

Sasa mafuta.

Miaka yake ya mwisho kazini aliifanya Kibondo, kambini Nduta, ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Aliporudi alikuja na chupa ya soda yenye mafuta ya rangi ya majani makavu, akatuambia ni matunda ya uchunguzi wake binafsi. Mafuta ya mchaichai. Ukiyatia kwenye maji, viluwiluwi wanakufa, na maji hayadhuru kuku wala mbuzi. Alisema "uchunguzi wangu binafsi" mara nyingi mno, na mtu akirudia jambo mara nyingi mno mimi nasubiri. Jumapili moja mrija ukiwa umeshapita sana, ukweli ulimtoka. Kule kambini alikwenda kumgombeza mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa na pipa la maji lisilofunikwa. Akachungulia ndani akakuta viluwiluwi wote wamekufa, wanaelea. Mama akamwonyesha: anachemsha mchaichai, anaengua mafuta yanayokaa juu, anadondoshea pipani. Kwao walifanya hivyo.

"Anaitwa nani?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Huyo mama."

"Sikuandika," akasema, mtu aliyekuwa anaandika hata rangi za milango ya vyoo.

Basi akajenga mtambo nyuma ya nyumba yake. Pipa la chuma juu ya moto, ndani yake maji na majani yaliyoshindiliwa. Juu ya pipa bomba la shaba linalopita kwenye hori la maji baridi. Mvuke unapanda, unapita bombani, unapoa, unatoka matone, na juu ya maji yaliyodondoka yanakaa mafuta membamba kama utando wa chai. Magunia mawili ya majani yanakupa mafuta ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Alichanganya mchaichai na kivumbasi, mara nyingine mkaratusi, na ili mafuta yakubali kuingia majini aliyapiga kwanza na sabuni.

Watu walioona pipa, moto, bomba na matone walijua jambo moja tu. Mgambo wawili wakaja wakambeba kwa kosa la kupika gongo. Kamanda wao, ili awe na hakika, akaonja. Wanasema alitema mpaka machozi yakamtoka. Bwana Afya alirudi mchana ule ule akiwa amenuna, anatembea katikati ya barabara, na mimi nilicheka kwa wiki nzima. Sikuona haya. Nilikuwa na deni la kicheko.

Lakini baada ya hapo ikawa zamu yake. Alitutangazia onyesho kwenye uwanja wa shule ya msingi. Akaweka beseni jeupe mezani, akamimina maji kutoka kwenye shimo langu, na kabla ya kuanza akawaambia watu yametoka kwangu. Wakainama kutazama. Viluwiluwi walikuwa wanapanda na kushuka, wanajikunja na kujikunjua. Akatia mafuta, akakoroga kwa kijiko, akavua saa yake akaiweka kando ya beseni. Wanakwaya wakaimba kupitisha muda. Walipomaliza nyimbo zao tukaitwa tena. Hakuna kiluwiluwi aliyecheza. Walikuwa wamekaa chini ya maji kama nyuzi zilizokatwa.

Watu wakapiga makofi. Na yeye, kwa kuwa hakuwahi kupigiwa makofi maishani, akalewa. Akasema, "Chandarua ni cha mtu anayemsubiri mbu. Mimi namfuata alikozaliwa."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo. Wiki chache kabla alikuwa ameniagiza niyafukie mashimo yangu yote sita kabla mvua hazijakolea, na aliagiza hivyo kwa malalamiko ya Bwana Afya huyo huyo. Sasa Bwana Afya akamshika kiwiko, akamwambia mbele yangu, "Hakuna haja ya kufukia. Nitayatibu."

"Yote sita?" akauliza mwenyekiti.

"Yote. Shimo likifukiwa, dawa nitaijaribu wapi?"

Tazameni mtu. Miaka miwili ameniita mfugaji kwa ajili ya mashimo, leo anayatetea kwa sababu ameyapatia matumizi. Nilimdharau pale pale, na pale pale nikafurahi. Kufukia mashimo sita kwa koleo ni kazi ya mwezi mzima, na ningepata wapi maji ya kukanyagia udongo? Nikamwambia, "Karibu bondeni, mzee."

Akaanza kuja mara tatu kwa wiki. Siku ya kwanza alibeba mgongoni bomba la kupulizia dawa ya maharage, akayazunguka mashimo yangu akipuliza, suruali ameichomeka kwenye soksi. Kesho yake alirudi na kikombe chake, akachota, akahesabu, akaandika kwenye daftari. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya kupuliza bonde lote lilinukia chai, na nikikanyaga udongo miguu ilinukia mpaka nyumbani. Mama Evodia, mke wangu, alisema ni mara ya kwanza anaishi na mwanamume mwenye miguu ya kupendeza.

Kitongojini akiulizwa kazi inaendaje, alijibu, "Wamekufa." Mwenyekiti aliulizia mara moja, akajibiwa hivyo, hakuulizia tena. Chandarua chetu kilikuwa kimechanika upande wa miguuni. Nilisema nitanunua kingine. Sikununua.

Evodia alikuwa na miaka minne. Ilikuwa asubuhi, anakula viazi, nikaona kiazi kinamdondoka, macho yamegeuka, mwili umekaza. Degedege. Homa ilikuwa imeanza jana yake na tulikuwa tumempa dawa ya kutuliza tu, tukisema tutaangalia. Nilimbeba mpaka barabarani, pikipiki ya kwanza ikatuchukua wote watatu mpaka hospitali. Wakampima, wakasema malaria imepanda kichwani na damu imekwisha. Wakamwongezea damu. Siku mbili hakufungua macho. Mama Evodia alikaa kwenye kona ya kitanda ameshika unyayo wake, na kila muuguzi akipita alimtazama usoni.

Siku ya tatu mtoto alifungua macho, akaomba maji. Siku hiyo hiyo ndiyo Bwana Afya alikuja.

Alisimama mbali kidogo na kitanda, kama kawaida yake. Hakutupa pole. Akatoa daftari na kalamu, akamwuliza mke wangu, "Mtoto alikuwa analala kwenye chandarua?"

Mama Evodia akamjibu, "Kimechanika."

Akaandika.

Nilisimama nikalichukua lile daftari mkononi mwake. Hakunizuia; labda alishangaa. Nikalisoma pale pale. Alikuwa amechora mistari vizuri kwa rula. Kila shimo na namba yake, la kwanza mpaka la sita. Siku ya kupuliza: wengi. Siku ya pili: hakuna, hakuna, wawili, hakuna, hakuna, hakuna. Siku ya tatu: wengi. Wiki iliyofuata vile vile, na nyingine vile vile. Mvua ikinyesha, hata siku ya pili: wengi. Mahali pengine alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, WENGI SANA, na kupigia mstari.

"Ulijua," nikamwambia.

"Beseni ni dogo, halina jua wala mvua. Shimoni mafuta yanaruka upesi. Nilikuwa natafuta kipimo."

"Ulijua, na ulituambia wamekufa."

"Siku ya pili walikuwa wamekufa. Sikusema uongo."

"Na siku ya tatu?"

Akavuta miwani puani, akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa na uso ule ule wa kukagua mtungi. "Siku ya tatu wewe ulikuwa humo ndani," akasema. "Mimi nachungulia kwa kikombe, wewe umesimama majini tangu asubuhi mpaka jioni. Hukuwaona?"

Akachukua daftari lake akaenda.

Mama Evodia alisubiri mpaka mtoto aliposinzia. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa Kirundi, kama nilikuwa nawaona.

Nikamwambia nilikuwa nawaona.

Nilitegemea atalia, au atanitukana. Alinitazama tu kama mtu anayemsoma mgeni, halafu akairudisha mikono yake kwenye unyayo wa mtoto. Sijui kama kuna jambo katika ndoa yetu ninaloliogopa kulikumbuka kuliko ule utulivu.

Evodia alipona. Lakini tulipofika nyumbani tuligundua anageuza kichwa akiitwa. Ukimwita kutoka upande wa kulia anatafuta sauti nyuma, juu, kila mahali. Daktari alisema sikio lile la kulia huenda likarudi. Halikurudi.

Kesho yake baada ya kutoka hospitali nilishuka bondeni nikamkuta Mama Evodia ameshatangulia. Alikuwa na jembe, amesimama juu ya ukingo wa shimo la kwanza, anaubomoa na kuuangusha majini. Hakuniita. Nikachukua koleo nikaanza upande wa pili. Tulifukia wiki tatu na siku kadhaa. Matofali yangu mabichi yaliyobaki tuliyatupa humo pia, tukayakanyaga.

Tulipobakiza mashimo mawili Bwana Afya alitokea. Alisimama juu ya kilima kidogo, kikombe chake mkononi, akitutazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka mpaka kwangu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Niachie moja."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Moja nini?"

"Shimo. Lile la pembeni, dogo. Nimeongeza sabuni, na nimepata mkaratusi mzuri. Nipe mwezi mmoja tu."

Mama Evodia aliacha kuchimba. Alitembea mpaka pale tulipokuwa, akachota udongo kwa jembe, akaumwaga juu ya viatu vya mzee. Hakuurusha. Aliumwaga polepole, kiatu cha kulia kisha cha kushoto, mpaka kamba zikafunikwa. Yule mzee alisimama akaviangalia viatu vyake. Kisha akakung'uta miguu, akapanda kilima, akaenda. Msimu ule ule alihama Kasulu. Tukasikia amekwenda kukaa kwa dada yake Kibondo. Mwenyekiti alimfanyia hafla ya kumuaga na watu wakazungumzia vyoo. Mimi sikwenda.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilipata kazi ya kujenga vyumba viwili Kibondo, kwa mtu ninayefahamiana naye. Siku ya tatu, nikiwa juu ya jukwaa napanga tofali, nikaona upande wa pili wa ua wa minyaa mzee amekaa kwenye kigoda, beseni katikati ya magoti, uso ameuinamisha mpaka pua inakaribia maji. Nilimjua kwa mgongo. Amekonda, na shati lake la kaunda limefungwa vifungo vibaya.

Nilishuka. Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka kumwona vizuri katika hali ile.

Dada yake, mama mtu mzima aliyekuwa anapeta maharage, alinikaribisha akanieleza bila kuulizwa, kama watu wafanyavyo wakichoka na mgonjwa. Macho yamekwisha. Ni mtoto wa jicho, yanaweza kupasuliwa, lakini hataki kwenda hospitali. "Anasema hospitali ni chafu," akasema, na akaendelea kupeta.

"Nani huyo?" akauliza mzee.

"Fundi wa nyumba ya jirani," nikasema.

"Unaona vizuri?"

"Naona."

"Njoo uniangalizie. Nimetia dawa asubuhi. Huyu dada yangu ananidanganya, kila siku ananiambia wamekufa."

Nikachuchumaa. Maji yalikuwa na ngozi nyembamba ya mafuta iliyokwisha kupasuka vipande vipande, na chini yake viluwiluwi walikuwa wanapanda, wananing'inia juu kidogo, wanashuka.

"Wapo?"

"Wapo."

"Wanacheza?"

"Wanacheza wote."

Akatikisa kichwa, akapapasa chini akitafuta chupa. Mimi nikalinyanyua beseni, nikalimwaga lote kwenye mchanga, juani. Akasikia maji yakimwagika. Mkono wake ukasimama.

"Ulikuwa mchanganyiko wa kazi ya siku nne," akasema.

"Sasa hawapo."

Dada yake aliacha kupeta. Kisha mzee akageuza uso kuelekea sauti yangu, akakunja macho yake meupe kama anayetazama mbali, na nikajua amenitambua. Nilisubiri anikejeli. Nilikuwa na majibu, nilikuwa nayo tangu miaka mingi, mengine nimeyatunga nikiwa juu ya majengo ya watu.

"Yule mtoto," akasema. "Anasikia?"

Sikuwahi kumwambia habari za sikio. Mtu alimwambia, au aliuliza.

"Sikio moja."

"Lipi?"

"La kushoto."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Mwambie nimemuulizia," akasema.

Nililiweka beseni lake chini, nikamuaga dada yake, nikarudi kwenye ukuta wangu. Siku zilizobaki za kazi ile nilijenga nikiwa nimeupa mgongo ua wa minyaa.

Nilipofika Kasulu nilimkuta Evodia amekaa mlangoni anafanya kazi za shule, daftari magotini. Sasa ni msichana mkubwa, darasani anakaa mstari wa mbele. Akaniuliza Kibondo kuna nini. Nikazunguka nikakaa upande wake wa kushoto, nikamweleza vile vyumba viwili, madirisha yake, na bati jekundu alilolinunua mwenye nyumba. Mama Evodia alikuwa ndani akinisikia. Yule mzee sikumtaja.